Dakika 87 Bila Mpira

Tupige hesabu kidogo. Mechi ya mpira wa miguu ina dakika 90. Toa muda wa mipira iliyotoka nje, faulo, kona na majeruhi anayesubiri machela, na utakuta mpira wenyewe unachezwa kwa dakika 60 hivi, pengine hazifiki. Zigawe dakika hizo kwa wachezaji 22. Kila mmoja anaambulia pungufu ya dakika tatu za kuwa na mpira mguuni. Zile 87 zilizobaki anacheza bila mpira, hata yule ambaye watoto wetu wanavaa jezi yenye jina lake.

Muda wote huo anafanya nini? Shabiki ambaye macho yake yanaandama mpira hawezi kukujibu. Kocha atakujibu mara moja, kwa sababu yeye anatazama huko: nani amekimbia ili kumvuta beki atoke, nani ameziba pengo lililoachwa, nani amesimama mikono kiunoni akingoja aletewe. Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya dakika hizo 87. Tunaamini sehemu kubwa ya maisha ya Mkristo inapita humo, ilhali mahubiri yetu mengi yanahusu zile tatu.

Nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa kwa miaka zaidi ya arobaini, na mifano ya michezo niliyoisikia kutoka mimbarani karibu yote ina mtu mmoja ndani yake. Ni mkimbiaji. Anakimbia peke yake, macho mbele, mizigo ameitupa, anaifuata tuzo. Mfano huo ni wa Biblia na siuondoi hata nukta. Paulo anautumia katika 1 Wakorintho sura ya 9, anaurudia kwa Wafilipi, na mwandishi wa Waebrania anauchukua pia. Ninachouliza ni kwa nini tumeufanya mfano pekee, hadi kijana anayelelewa makanisani mwetu akue akidhani wokovu ni mbio zake mwenyewe, na sisi wengine ni watazamaji wake au, vibaya zaidi, washindani wake.

Tukumbuke Paulo alikuwa wapi. Luka anasimulia katika Matendo sura ya 18 kwamba alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Karibu na mji huo, huko Isthmia, michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ambalo baada ya siku chache lilikuwa limenyauka. Palikuwa na mbio, mieleka, ngumi, mashindano ya magari ya farasi. Timu hazikuwapo. Taji lilikuwa moja na kichwa kilikuwa kimoja. Kwa hiyo Paulo alipotaka kuwafundisha Wakorintho bidii na kujitawala, alichukua kilichokuwa mbele ya macho yao, mkimbiaji na mpigana ngumi. Alipotaka kuwafundisha kuishi pamoja, uwanja ule haukuwa na mfano wa kumpa. Akauchukua mwili wa binadamu: jicho, mkono, mguu, sikio. Hiyo ni sura ya 12 ya barua ile ile, kurasa chache tu baada ya mkimbiaji. Sura ya 9 tumeichapa kwenye fulana za makongamano ya vijana. Ya 12 tumeiachia semina. Naamini kabisa kwamba kama Paulo angekaa jioni moja kando ya uwanja wowote wa vumbi hapa kwetu, angeziona sura zake mbili zikikimbia pamoja.

Na si ajabu viwanja hivyo viko jirani na makanisa. Mwishoni mwa karne ya 19, shule ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA pale Kiungani, Zanzibar, ambayo miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani, ilikuwa moja ya mahali pa kwanza mpira wa miguu ulipochezwa katika pwani yetu. Wamisionari wa Kiingereza wa wakati ule waliamini kwamba mchezo wa timu unamjenga kijana tabia. Mengine waliyoyaamini juu yetu hayakutujenga, na sina haja ya kuyatetea. Katika hili walikuwa wameona jambo, ingawa nadhani walilishika kwa upande mmoja. Walisisitiza nidhamu na utii kwa nahodha. Lililonifundisha mimi lilikuwa lingine, na nililipata kwa aibu.

Nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya shule. Siku moja tunaongoza kwa goli moja, zimebaki dakika chache, nikaupata mpira karibu na mstari wa katikati na mbele yangu pako wazi. Wazazi walikuwapo siku hiyo, na wasichana wa shule jirani pia. Nikapanda. Nikampita wa kwanza, nikampita wa pili, nikaona wenzangu wawili wakinyoosha mikono kuomba pasi, nisimpe hata mmoja. Wa tatu akaninyang'anya. Nilipogeuka, mpira ulikuwa tayari hewani unaelekea upande wangu wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu kwa sababu mtu wa pale alikuwa mimi.

Lakini alikuwapo mtu. Kiungo wetu wa kati, kijana mkimya aliyekuwa hazungumzi hata darasani, alikuwa amesimama pale pale ninapopaswa kusimama. Akautuliza mpira kifuani, akautoa nje. Hakunigombeza. Baada ya mechi, tukivua viatu, nilimuuliza alifikaje pale upesi vile. Akasema, "Nilikuona umepanda, nikashuka."

Yaani hakusubiri ninyang'anywe. Alianza kushuka nilipoanza kupanda, wakati watu bado wananishangilia na hakuna aliyejua kama nitakosea. Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo juu ya upendo wa ndugu. Tumezoea kuuweka upendo baada ya ajali: mwenzetu akifiwa tunachanga, akilazwa tunamtembelea na chungwa mkononi, akianguka dhambini tunaitisha kikao. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini yule kijana aliusoma mwendo wangu kabla ya ajali. Katika jumuiya, ni nani anayeona kwamba dada fulani amerudi chuoni akiwa na mtoto mchanga, na kwamba jioni za wiki za mitihani pengo la nyumbani kwake litakuwa wazi? Ni nani anayeona kwamba mzee wa kanisa aliyepandishwa cheo kazini ameanza kukosa maombi ya Jumatano, akashuka kumfuata kabla pengo halijawa mlango? Mtu wa namna hiyo hatangazwi kwenye matangazo ya Jumapili, kwa sababu alichokifanya ni kuzuia jambo lisitokee, na lisilotokea halina picha.

Wachezaji wa namna hiyo hata ulimwengu wa mpira, wenye fedha zote za kununua macho, umewahi kushindwa kuwaona. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ufaransa, alikuwa kiungo mkabaji wa Real Madrid. Kazi yake ilikuwa kukaba, kunyang'anya, kisha kumpa mwenye jina kubwa aliye karibu. Mwaka 2003 klabu hiyo ilimnunua David Beckham, na kiangazi hicho hicho ikamwachia Makélélé aende Chelsea. Real Madrid, pamoja na nyota wake wote, haikuupata tena ubingwa wa ligi ya Hispania hadi 2007. Chelsea iliutwaa wa Uingereza mwaka 2005, baada ya miaka 50 ya kuusubiri, ikiwa imefungwa magoli 15 tu katika mechi 38. Mwaka uliofuata ikautwaa tena. Sidai kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya yote hayo, maana ningekuwa nimerudi kwa mkimbiaji wangu wa peke yake. Nasema tu kwamba pengo lake lilionekana alipotoka, na kabla ya hapo waliokuwa wakilipwa ili waone hawakuliona.

Kila kanisa lina Makélélé wake. Anayefungua milango saa kumi na mbili asubuhi na kufuta vumbi la vitabu vya nyimbo. Mama anayejua ni mgonjwa yupi hana ndugu mjini. Mtunza hazina ambaye kwa miaka kumi hakuna senti iliyopotea mikononi mwake na hakuna aliyewahi kumshukuru, kwa sababu fedha zisizopotea hazizungumzwi. Ukisoma mwisho wa Waraka kwa Warumi utakuta jina la Tertio. Ndiye aliyeshika kalamu akaandika barua yote Paulo akisema, barua iliyoitikisa dunia, naye ana mstari mmoja tu wa kutusalimu. Napenda kwamba Paulo alimwachia mstari huo.

Lakini mchezo unaonifundisha zaidi siku hizi ni mpira wa pete, na nasikitika kwamba sisi wanaume tuliandika juu ya michezo kwa miaka mingi bila kuutazama. Wachezaji ni saba, kila mmoja ana herufi kifuani zinazosema ni sehemu ipi ya uwanja anaruhusiwa kukanyaga. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Mchezaji wa kati, anayezunguka eneo kubwa kuliko wote, haruhusiwi kuingia kwenye nusu duara ya kufungia. Anaufikisha mpira mlangoni, wengine wanaumalizia. Aliyeshika mpira hawezi kukimbia nao. Na ndani ya sekunde tatu lazima autoe.

Tafakari kanuni hiyo ya sekunde tatu. Waliotunga mchezo huu waliufanya mtu mmoja asiweze kuushinda wala kuupoteza peke yake. Hata binti mwenye kipaji kuliko wenzake wote hana njia ya kupiga chenga uwanja mzima, maana akiushika mpira miguu yake inafungwa, na kitu pekee anachoweza kufanya na kipaji chake ni kumtafuta mwenzake aliye wazi. Naona humo fundisho zima la karama. Karama imewekwa mikononi ili ipite. Nimeshuhudia kwaya iliyokufa kwa sababu mwalimu wake alishika mpira miaka ishirini, kijana yeyote aliyeonyesha sikio la muziki akaonekana mpinzani. Mwalimu alipofariki, Jumapili iliyofuata hapakuwa na mtu wa kuanzisha wimbo. Alikuwa mtu mwema aliyeipenda kazi yake mno, na sisi tuliokuwa wazi kando yake hatukunyoosha mkono tuombe. Kurasa za ndani utamsoma mama mmoja anayewafundisha mabinti wa usharika wake mchezo huu kila Jumamosi. Msome taratibu, hasa pale anapoeleza jinsi mabinti wake walivyoanza kuendesha maombi kwa mtindo huo: hakuna anayeomba muda mrefu hadi mwenzake akose nafasi.

Sasa benchi. Neno lenyewe linauma. Tunasema mtu anasugua benchi, na kila aliyewahi kulisugua anajua ubaridi wake: umefanya mazoezi yote, umevaa jezi, jina lako halijaitwa. Wakristo wengi wanaishi hapo. Yupo anayeomba afunguliwe mlango wa huduma, miaka inapita. Yupo aliyestaafu ualimu wa Shule ya Jumapili kwa sababu magoti hayapandi tena ngazi. Yupo mgonjwa ambaye kanisa kwake sasa ni sauti ya redio kando ya kitanda.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2014 pale Rio de Janeiro, Ujerumani dhidi ya Argentina, iliamuliwa na watu wa benchi. Sami Khedira wa Ujerumani aliumia wakati wa kupasha misuli moto, akaingizwa Christoph Kramer. Kramer naye akaumia, akatolewa dakika ya 31, akaingia André Schürrle. Dakika ya 88 Miroslav Klose, aliyekuwa amevunja rekodi ya magoli ya Kombe la Dunia katika mashindano hayo hayo, alitoka na kumpisha Mario Götze. Dakika ya 113 Schürrle alikimbia kushoto, akapiga krosi, Götze akaituliza kifuani na kufunga. Goli pekee la fainali lilitengenezwa na kufungwa na watu ambao filimbi ya kwanza iliwakuta wamekaa.

Hata hivyo sipendi kuishia kwa Götze, kwa sababu faraja yake ni ya yule ambaye mwishowe aliitwa. Vipi asiyeitwa kabisa? Kwake mimi ninaye Daudi. Katika 1 Samweli sura ya 30, watu 600 waliondoka naye kuwafuatia Waamaleki walioichoma Siklagi na kuteka wake na watoto. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka hata hawakuweza kuvuka. Wakabaki na mizigo. Wale 400 wakaenda, wakapigana, wakarudi na watu wote na nyara, na baadhi yao wakasema waliobaki wapewe wake zao na watoto wao tu, waondoke zao. Daudi akakataa. Akaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na mizigo liwe sawa, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli. Waliobaki Besori hawakubaki kwa hiari wala kwa mbinu ya kocha. Walikuwa wamechoka. Fungu lao likawa sawa.

Hapa ndipo mfano wetu unapofika ukingoni, na ningekosa uaminifu kama nisingesema. Klabu haimsajili mtu kwa sababu ni dhaifu. Mkataba unakwisha, mguu unazeeka, jezi inapewa mwingine. Paulo, katika sura ile ya 12, anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na visivyo na heshima ndivyo tunavyovipa heshima kubwa. Hakuna ligi duniani inayoendeshwa hivyo. Tena uwanjani mpinzani anavaa jezi ya rangi nyingine, unamjua. Sisi tumekuwa wepesi mno kumvisha jezi hiyo jirani yetu, mtu wa dhehebu la pili, au ndugu wa usharika wetu wenyewe aliyempigia kura mgombea mwingine wa uzee wa kanisa. Tumekabana sisi kwa sisi hadi tukasahau goli liko upande gani.

Na bado, pale pale ukingoni, kuna jioni moja ambayo kila nikiifikiria naona mfano umevuka ng'ambo kidogo.

Aprili 27, 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Senegal kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilianguka baharini ilipoondoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Nahodha Kalusha Bwalya hakuwamo kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri peke yake kutoka huko. Zambia ilikusanya vijana wengine, na mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la Afrika, wakafungwa na Nigeria 2–1. Kisha zikapita karibu miaka 18. Februari 2012 Zambia ikafika fainali tena, na fainali hiyo ilikuwa Libreville. Kabla ya mechi wachezaji walikwenda ufukweni wakaweka maua. Wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati ndege ile inaanguka.

Walicheza na Ivory Coast dakika 120 bila goli. Didier Drogba alipaisha penalti katika kipindi cha pili. Zikapigwa penalti za kuamua, kila upande ukafunga saba. Kipa wa Zambia, Kennedy Mweene, akaidaka ya Kolo Touré. Sasa Rainford Kalaba akifunga, kombe ni la Zambia. Akaupaisha mpira juu ya mwamba.

Nataka tusimame hapo kidogo, na Kalaba. Makanisani mwetu dakika hiyo tunaijua. Ni dakika ambayo mtu ameshika tumaini la wengi na limemponyoka mbele ya wote, na kinachofuata mara nyingi ni barua, kikao, kiti cha nyuma, na minong'ono inayomfuata hadi sokoni. Sisemi kosa lisiitwe kosa; mpira ulipita juu ya mwamba na kila mtu aliuona. Lakini anayefuata kupiga ana uchaguzi. Gervinho wa Ivory Coast akakosa. Stoppila Sunzu akatembea hadi pale Kalaba alipotoka kukosea, akafunga. Ikawa 8–7. Kosa la Kalaba lipo kwenye kumbukumbu za mechi hadi leo, na medali yake ni ya dhahabu.

Kuna mtu mwingine jioni ile. Beki Joseph Musonda aliumia mguu dakika za mwanzo kabisa za fainali akatolewa analia. Mechi nzima aliitazama akiwa nje. Filimbi ilipolia na wenzake wakakimbia kulundikana kwa furaha, yeye hakuweza kwenda, mguu haukukanyagika. Kocha Hervé Renard alikuwa na kila sababu ya kukimbilia kwa waliofunga. Alimwendea Musonda, akamnyanyua mikononi mwake kama mzazi anavyombeba mtoto aliyelala, akakatisha naye uwanja, akampeleka hadi katikati ya wenzake.